Kura ya Kimya

Sikusema ndiyo. Hilo nataka lijulikane mapema, maana nimelisema mara nyingi tangu Jumatano ile, kwa binti yangu, kwa jirani, kwa kioo cha bafuni, na kila nikilisema linanuka zaidi. Sikusema ndiyo, na hapana pia sikuisema. Niliitwa jina, nikakaa kimya, na kwenye kaunti yetu ukiitwa jina ukakaa kimya, karani anakuandikia ndiyo. Kila mtu kisiwani analijua hilo. Hata mimi nililijua, msidhani nilisahau.

Naitwa Melvin Yadao. Kwa miaka thelathini na minne nilipanda nguzo za simu, na sasa nimestaafu, magoti yangu yanatabiri mvua kuliko redio. Kila baada ya miaka kumi kaunti yetu huteua watu saba waipitie katiba yake: nani alipwe nini, nani aamue nini, ardhi ipangwe vipi. Hatulipwi. Tunapewa kiti cha magurudumu, chupa ya maji na kibao chenye jina, na mtu mzima kama mimi unajikuta unakifuta kibao vumbi kwa mkono wa shati. Aliyepeleka jina langu kwa meya ni Anti Harriet Naone.

Anti Harriet ana miaka sabini na minane na analima magimbi katika bonde la Waiolena, ndani ya maji, kama walivyolima wazazi wake na wazazi wao. Mimi si damu yake. Wazee wangu walikuja kutoka Ilocos, ng'ambo ya bahari, kukata miwa. Mama alifariki nikiwa na miaka tisa, baba yuko shambani kutwa, na Anti, msichana wa miaka ishirini na mmoja ambaye hata hajaolewa, alinikuta nimekaa kwenye ngazi za duka na kunishika sikio. "Wewe umekula?" Nikamwambia nimekula. "Mwongo," akasema, na kunipeleka kwao. Nimekula kwake kuliko nilivyokula kwetu. Nilipooa, yeye ndiye aliyesimama mahali pa mama. Mke wangu alipofariki, yeye ndiye aliyekuja kunikung'utia mashuka.

Mwaka ule yalikuwepo mambo mawili yaliyowasha moto. La kwanza lilikuwa mishahara. Katiba ya zamani iliwaachia madiwani wajipangie mishahara yao na ya maofisa wote, na kwa kuwa wanaogopa kusutwa sokoni, miaka kumi na mmoja hawakuthubutu kuongeza hata senti. Meya wetu anazidiwa mshahara na fundi bomba. Ofisi ya mipango ya ardhi ina meza tisa na watu wanne, wengine wote wamekimbilia bara. Tukaandika swali la kuwapelekea wapiga kura: mishahara ipangwe na kamati ya nje, na ianze kwa kupanda.

La pili lilikuwa swali la tisa: ardhi ya kilimo isigeuzwe kuwa ya majengo mpaka wananchi wenyewe wapige kura. Hilo halikutungwa na sisi. Lilitungwa kwenye meza ya Anti Harriet, naye akalibeba nyumba kwa nyumba pamoja na kiti chake cha kukunja, akarudi na saini elfu mbili. Juu ya bonde lake kuna malisho ya zamani ya ng'ombe, na kampuni moja ya bara imeyanunua ili ijenge nyumba mia tatu na kiwanja cha gofu. Maji ya magimbi yanatoka chini ya malisho yale. Wakichimba visima kule juu, huku chini litabaki tope, kisha vumbi. Madiwani watano kati ya saba walikwisha kuonyesha kwamba watakubali. Kati ya Anti na vumbi kulikuwa na swali la tisa tu.

Tulipokusanya maoni, ukumbi ulijaa hadi varandani. Kila mtu ana dakika tatu, na mezani kuna taa: ya kijani sema, ya njano fupisha, nyekundu kaa chini. Mzee Clarence Puaoi alikuja na kofia yake ya majani, hakutazama taa hata mara moja.

"Mishahara ipande?" akasema. "Shimo la barabarani mbele ya kwangu lina umri mkubwa kuliko mjukuu wangu. Mjukuu ameanza shule, shimo bado lipo nyumbani!"

Watu wakacheka. Mwenyekiti akamwambia, "Anko Clarence, dakika zimekwisha."

"Zimekwisha zangu. Za shimo je?"

Mwenyekiti wetu ni Royden Fujinaka, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Si mtu mbaya. Ukikosa msumari Jumapili anakufungulia duka akiwa na kaptula ya kulalia. Wiki moja kabla ya kikao cha mwisho alinivuta pembeni, kwenye mashine ya soda.

"Mel, nisikilize. Watu wa mabonde wakija kuipigia kura ardhi, watakuja na hasira. Na kalamu ikishakuwa mkononi, watashuka nayo mpaka kwenye mishahara. Hapana, hapana, hapana. Tutapoteza wapangaji wachache tuliobaki nao. Halafu hiyo ardhi atailinda nani?"

"Kwa hiyo unataka nini?"

"Swali la tisa lingoje. Tume ijayo italishughulikia."

"Tume ijayo ni miaka kumi, Royden."

"Bonde lile lipo tangu Mungu anaumba. Miaka kumi ni nini?"

Hoja yake haikuwa ya kipumbavu, na hapo ndipo penye ubaya. Mpumbavu ningemjibu. Nilimwambia nitafikiri, naye alinipiga begani kana kwamba nimekubali. Alikuwa amekwisha kuhesabu: watatu walitaka swali liondolewe, watatu walitaka libaki. Karani huita majina kwa mpangilio wa herufi, na jina langu linaanza kwa Y. Maisha yangu yote nimekuwa wa mwisho, kwenye sindano za shule, kwenye vyeti, kwenye kila foleni. Safari hii kuwa wa mwisho kulimaanisha kwamba mimi ndiye nitakayeamua.

Jumapili Anti alikuja na mfuko wa magimbi aliyoyaponda mwenyewe, bado yana uvuguvugu. Alikataa kuketi.

"Kura yako ninayo?" akauliza.

"Unayo, Anti. Hilo nalo la kuuliza?"

"Nauliza kwa sababu mimi ni mzee. Wazee huuliza mara mbili."

"Basi unayo mara mbili."

Tukacheka. Alinibusu shavuni, akaondoka na gari lake bovu linalotoa moshi, nami nikabaki nimesimama barazani na fahari yangu. Siku hiyo nilikuwa mtu safi, na nilidumu hivyo mpaka Jumatatu saa kumi jioni.

Hapa lazima niseme habari ya jiko. Kwetu sheria ya ardhi haihesabu nyumba, inahesabu majiko. Unaweza kujenga chumba nyuma ya nyumba yako ukakiita ghala, ukakiita chumba cha kufanyia mazoezi, ukaweka kitanda, choo na televisheni, hakuna atakayekuuliza. Ukiweka jiko tu, umejenga nyumba ya pili, na nyumba ya pili inataka kibali. Binti yangu Jolyn, mumewe na watoto wao wawili wanaishi katika ghala langu. Kodi za kisiwani zinapangwa kwa ajili ya wageni wa hoteli, si kwa msichana anayefanya kazi maabara ya hospitali. Nilimjengea kwa mikono yangu, na jiko niliweka: la gesi, mafiga manne, na dirisha linalotazama mlima. Kibali sikuomba. Nilijua wangenikatalia, na mtu hakataliwi asichokiomba.

Basi Jumatatu hiyo akaja Desmond Correa, naibu mkuu wa ofisi ya mipango ya ardhi. Nilimjua tangu akicheza besiboli na mkwe wangu, kijana mnene, mpole, mwenye sauti kama ya padri. Kwetu hakuna anayekwenda kwa mtu mikono mitupu, kwa hiyo alikuja na boksi la maandazi ya Kireno, yamejaa sukari. Wajukuu wakaliona, wakamvuta mkono hadi nyuma. Nami nikafuata.

Alisimama mlangoni pa ghala. Jolyn hakuwepo. Mafuta ya samaki wa mchana yalikuwa bado kwenye kikaango. Desmond alilitazama jiko, akautazama mpira wa gesi tangu kwenye mtungi hadi ukutani, akainua uso akatazama dari, akapima kwa macho umbali wa dirisha. Alitazama kama mtu wa ofisi yake anavyotazama. Hakusema neno juu ya jiko. Aligeuka, akajipangusa sukari mdomoni, akaniuliza:

"Anko, Jumatano mmejipanga vipi?"

"Tutaona," nikasema.

"Kazi ngumu hiyo. Mimi nikikosa nyongeza mwaka huu, mke wangu anataka tuhamie Nevada kwa dada yake. Nevada, Anko! Hakuna hata bahari." Akanikumbatia kwa mkono mmoja, akaondoka.

Hakunitisha. Nimeirudia ziara ile kichwani mara mia na sijaona mahali aliponitisha. Nilijitisha mwenyewe, na sikuhitaji msaada. Usiku ule niliwaona wajukuu zangu wamekaa kando ya barabara na magodoro yao. Niliiona barua ya kaunti, nikauona mstari wenye jina langu. Asubuhi ningeweza kumuuliza Jolyn. Ningeweza kumpigia Desmond simu na kumwuliza waziwazi, kijana, ulikuja kutazama nini? Ningeweza kwenda kwa Anti na kumwambia, Anti, naogopa. Badala yake nilikaa nikatafuta njia ya kuwapa wote nusu, na nikaiona: ningenyamaza. Desmond na Royden wangepata walichotaka, na Anti ningemtazama usoni na kumwambia sikusema ndiyo.

Jumatano tulianza saa tatu asubuhi. Kiyoyozi cha ukumbi wa kaunti kinagandisha samaki, na watu wazima wote huja na sweta, nje jua linachoma. Anti alikuwa amekwisha kufika. Kwa kuwa kilikuwa kikao chetu cha mwisho, alituletea sote saba lei, yale mashada ya kuvaa shingoni, alizosokota mwenyewe kwa majani na maua ya manjano, hata za wale aliojua kwamba watampinga. Alituvisha mmoja mmoja. Aliponifikia, alinirekebishia ukosi kama alivyofanya nilipokuwa mtoto.

"Umekula?" akaninong'oneza.

"Nimekula."

"Mwongo," akasema, akaenda kuketi safu ya mbele.

Swali la mishahara lilipita kwa dakika nne. Kisha Royden akasafisha koo, akaleta hoja kwamba swali la tisa liondolewe kwenye karatasi ya kura. Nataka hili lieleweke vizuri: ndiyo ilikuwa ya kuliondoa, hapana ilikuwa ya kulibakisha. Karani akaanza kuita. Ndiyo. Hapana. Ndiyo, hiyo ya Royden mwenyewe. Hapana. Hapana. Ndiyo. Karani alikuwa mwanamke mdogo mwenye miwani mikubwa, na aliita kila jina kwa sauti ileile.

"Kamishna Yadao."

Nilitazama kibao changu. Niliwahi kupanda nguzo ya futi arobaini katika kimbunga, upepo unaninyofoa koti, kwa ajili ya kliniki iliyokatikiwa simu. Sikuwa mwoga siku ile. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Ningelitema tu lingetoka.

"Kamishna Yadao," karani akarudia.

Maua ya Anti yalikuwa yananinukia puani. Nilikunywa maji. Niliweka chupa chini. Nikajitia hamnazo, kama mtu aliyesinzia kanisani.

"Kamishna Yadao yuko kimya," karani akasema, akiandika. "Imehesabiwa ndiyo. Nne kwa tatu, hoja imepita."

Ukumbini hakuna aliyepiga kelele, nami nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Mzee Clarence tu alisema, si kwa sauti kubwa, "Ala! Yadao?" Anti hakusogea.

Kisha kamishna mwenzetu mmoja, mwalimu, mwanamke aliyekuwa ametetea swali lile tangu mwanzo, akainua mkono. "Mwenyekiti, naomba uamuzi huu tuufungue upya."

Karani akafungua kitabu cha kanuni. "Samahani, Kamishna. Ombi hilo haliwezi kuletwa na upande ulioshindwa. Anayeweza kuliomba ni mmoja wa walioshinda, na ni kabla kikao hakijafungwa."

Mmoja wa walioshinda. Watatu kati yao walikuwa wamesema ndiyo kwa vinywa vyao na wasingerudi nyuma. Wa nne alikuwa mimi, mshindi. Kimya changu kilikuwa kimenitia kwenye kundi la washindi, na mlango ulikuwa wazi kwangu peke yangu. Hilo walilielewa watu wote ukumbini kabla yangu. Vichwa viligeuka safu kwa safu. Anti Harriet aliinua uso wake akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kwa matumaini, na hasira ningeiweza.

"Kabla sijafunga," Royden akasema polepole, naye ananitazama, "kuna kamishna mwenye neno?"

Nikainua mkono.

Nilisikia watu wakivuta pumzi. Mwalimu yule alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Anti alisogea mbele kwenye kiti chake, akaweka kiganja nyuma ya sikio, maana siku hizi hasikii vizuri. Nilifungua mdomo nikiwa na neno tayari, nawaapia, lilikuwa ulimini. Halafu nikauona mpira wa gesi, tangu kwenye mtungi hadi ukutani.

"Napenda," nikasema, "napenda tumshukuru Anti Harriet kwa maua."

Royden akafunga kikao. Watu wakapiga makofi kidogo kwa ajili ya maua, kwa sababu kwetu adabu haiachwi hata msibani. Anti alitoa kiganja sikioni. Sijui kama alisikia nilichosema au alikisoma kwenye nyuso za watu, lakini alitikisa kichwa mara moja kupokea shukrani, akaanza kutafuta mkoba wake. Lei haivuliwi mbele ya aliyekuvisha, ni tusi. Kwa hiyo nilitoka ukumbini, nikashuka ngazi, nikavuka maegesho yote na maua yale shingoni, watu wakinipisha njia.

Nyumbani Jolyn alikuwa na zamu ya jioni, kwa hiyo alikuwa ametazama kikao chote kwenye televisheni ya kaunti. Alikuwa amesimama kando ya jiko lenyewe, chombo cha wali mkononi, na macho yake mekundu.

"Baba, ulikuwa unaumwa?"

"Sikusema ndiyo," nikamwambia.

"Nimekuuliza ulikuwa unaumwa?"

"Jolyn, Desmond alikuja hapa Jumatatu. Alisimama pale mlangoni. Akalitazama jiko lote hili, halafu akaniuliza nitapiga kura vipi. Wewe ulitaka nifanye nini? Niwatupe wajukuu zangu barabarani?"

Aliweka chombo chini. Alikwenda kwenye droo ya vijiko, akatoa bahasha, akanitupia mezani. Ilikuwa fomu ya kaunti ya kuhalalisha jengo la nyuma, imejazwa kwa mwandiko wake, kurasa nne, na kando yake maandishi ya penseli: dirisha sawa, dari sawa, mpira wa gesi ubadilishwe.

"Hiyo penseli ni ya Desmond," akasema. "Nilimwita mimi, Baba. Nilimwomba apite atazame kabla sijapeleka fomu. Alisema nyumba za nusu ya kisiwa ziko hivi, hata ya mama yake, na kwamba sasa kuna njia. Tatizo ni mpira wa gesi tu. Nilitaka nikushtukize siku ya kuzaliwa kwako."

Nilitafuta mahali pa kukaa.

"Anti Harriet alinifundisha kutembea," akasema. "Alinifundisha kucheza ngoma ya hula, alinisuka nywele siku ya mazishi ya Mama wakati wewe huwezi hata kusimama. Na wewe ukamwambia asante kwa maua. Mbele ya kaunti nzima! Fadhila ya punda, Baba. Na ulitumia jiko langu kumpiga teke."

"Sikujua."

"Hukuuliza."

Nilibaki pale na fomu. Aliivaa sweta yake akaenda kazini saa moja kabla ya zamu, ili tu asikae nami chumba kimoja.

Alhamisi nilitunga maneno. Ijumaa nikayafuta, nikatunga mengine. Jumamosi asubuhi nikaendesha gari hadi Waiolena, kwa sababu Jumamosi ndiyo siku ya kazi bondeni, watu hutoka kila upande kuja kung'oa magugu katika maji, na nilijua Anti hataweza kunikwepa. Nilivaa nguo zangu za tope. Nilikuta watu kama ishirini wamezama hadi magotini, mzee Clarence akiwa mmojawapo na kofia yake. Mazungumzo yakakatika kama redio iliyozimwa. Anti alitoka majini polepole, akanawa mikono kwenye bomba, akaja kunilaki njiani.

"Anti," nikaanza, "nimekuja kukuambia kwamba..."

"Karibu, karibu sana," akasema kwa sauti nzuri, ya wazi, ya watu wasiojuana. "Umetoka mbali na jua hili." Akamgeukia msichana mmoja mgeni, mwanafunzi wa chuo. "Huyu ni Bwana Yadao, kamishna wa kaunti. Mletee kiti kivulini. Na maji baridi."

"Anti, mimi nimekuja kufanya kazi. Ona, nimevaa."

"Hapana, hapana. Utachafuka."

"Nisikilize basi, nakuomba. Niliogopa. Jiko la Jolyn..."

"Jolyn alikuja Alhamisi, amenieleza yote," akasema. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka ikawa ile ninayoijua. "Ungekuja ukaniambia unaogopa, Melvin, ningekuambia piga ndiyo. Ningekuambia mwenyewe, linda watoto wako, mimi nitajua la kufanya. Kwani hiyo ingekuwa mara ya kwanza?" Alinitazama nguo zangu za tope, moja moja, tangu kola hadi miguuni. Kisha sauti ikapanda tena, ikawa ya watu wasiojuana. "Kaa, tafadhali. Chakula kitakuja."

Msichana alileta kiti cha plastiki, akakiweka mahali pazuri, penye upepo. Alinipa glasi kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Wazee wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi kwa miaka hamsini na saba sikuwahi kupewa kiti katika bonde lile. Nilipokuwa na miaka tisa nilipewa ndoo, nikatumwa, nikagombezwa, nikaosha vyombo vya watu arobaini. Siku hiyo nilikaribishwa.

Wakaendelea kufanya kazi. Saa sita sahani yangu ililetwa kabla ya za wote, imefunikwa jani, nyama pande kubwa kuliko ya Anti mwenyewe. Hakuniuliza kama nimekula. Nilikaa kwenye kile kiti, watu wakinipita na tope lao, nikala chakula cha mgeni hadi mwisho, kwa sababu kukibakisha kungekuwa kukosa adabu.